Anayepunguzwa tumbo afundishwe kula vyakula vyetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme neno kuhusu makala mliyoichapa katika ukurasa wa afya juu ya upasuaji wa kupunguza uzito. Makala ile iliambatana na picha mbili za mama mmoja, ya kwanza akiwa mnene na ya pili akiwa amepungua, na chini yake ikaandikwa idadi ya kilo zilizomtoka. Nilizitazama picha zile kwa muda mrefu kwa sababu njia hiyo nami nimeipita: nilifanyiwa upasuaji miaka miwili na miezi minne iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 44, kilo 118 na urefu wa sentimeta 162. Kilichonisikitisha ni kwamba kati ya picha ya kwanza na ya pili hapakuwa na kitu. Maisha yote ya yule mama, ya jikoni kwake, ya msibani, ya harusini na ya kazini, yaliachwa katika ule uwazi mwembamba uliotenganisha picha hizo, na huko ndiko mgonjwa anakofaulu au anakoshindwa.

Nieleze kwanza ni upasuaji upi ninaousema, maana mitaani maneno yamechanganyika. Wako waliowekewa puto, ambalo huingizwa tumboni kupitia mdomoni, hujazwa maji, hukaa miezi sita hadi 12 kutegemea aina yake, kisha hutolewa, hao hawakupasuliwa. Wako waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu au zaidi, ukabaki mwembamba kama ndizi. Na wako waliofanyiwa kama mimi: mfuko wa chakula hugawanywa, juu hubakizwa kifuko kinachochukua mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuvutwa juu ukaunganishwa na kifuko hicho, hivyo chakula hupita njia ya mkato na kuiruka sehemu ya mwanzo ya utumbo. Njia hii ilianzishwa na Daktari Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, kwa hiyo si kweli kwamba tunafanyiwa majaribio, kama nilivyowahi kuambiwa na jirani. Kwangu madaktari waliichagua kwa kuwa nilikuwa na kisukari kwa miaka tisa pamoja na kiungulia kikali, na upasuaji wa kukata mfuko peke yake huweza kukizidisha kiungulia.

Sikuingia humo kwa kutafuta umbo. Mwongozo uliotumika duniani tangu mwaka 1991 ulitaka mgonjwa awe na uwiano wa uzito kwa urefu (kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo) usiopungua 40, au 35 akiwa na maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa fani hii vikakishusha kiwango hicho hadi 35 hata kwa asiye na maradhi hayo. Uwiano wangu ulikuwa karibu 45. Nilikuwa nikisimama mara mbili kupumzika kabla ya kufika darasa la kidato cha nne lililo ghorofa ya pili, na mume wangu alikuwa akinitikisa usiku kwa sababu pumzi ilikuwa ikikatika usingizini. Nilishajaribu kutembea alfajiri, kuacha wanga na kunywa dawa za mitishamba zilizonipa kuhara tu. Kila nilipopungua kilo kumi, zilirudi 14.

Miezi ya kabla ya upasuaji niliitumia vibaya, na hilo ndilo ninalojutia kuliko yote. Nilidhani maandalizi ni vipimo: damu, moyo, kamera ya kuangalia tumbo. Wiki mbili za mwisho nilipewa mlo mdogo sana usio na wanga mwingi, nami nikaushika kwa sababu nilielezwa sababu yake kwa lugha niliyoielewa, kwamba ini la mtu mnene hujaa mafuta na kuvimba, nalo limelala juu ya mfuko wa chakula, kwa hiyo lisiponywea daktari hupata shida kulinyanyua ili aone anapofanyia kazi. Lakini tabia za mezani, ambazo ningepaswa kuzianza miezi mitatu kabla, sikuziwekea maanani. Mshauri wa saikolojia aliniuliza swali moja tu ambalo mpaka leo ninalikumbuka: ukiwa na huzuni, unakula nini? Nikamjibu bila kufikiri kwamba ninakula mkate wa kumimina na chai ya maziwa, jikoni, peke yangu, watoto wakishalala. Nilianza hivyo mwaka aliofariki mama yangu. Nilipolisikia jibu lile likitoka kinywani mwangu nililia mbele ya yule mshauri, na kumbe tulipaswa kuonana naye mara nyingi zaidi ya ile moja. Mkate wa kumimina ulipoondoka, huzuni haikuondoka nao.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nilitobolewa matundu madogo matano, jioni ile ile nikasimamishwa nitembee ili damu isigande miguuni, na siku ya tatu nikaruhusiwa. Niliingia hospitalini nikiwa ninajidunga insulini, nikatoka bila sindano, maana kwa upasuaji wa aina hii sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua. Waganga walionihudumia ninawashukuru, na malalamiko yangu yasichukuliwe kuwa ni ya kuwadharau.

Siku ya kuruhusiwa nilikabidhiwa karatasi tatu za maelekezo ya chakula. Zilikuwa kwa Kiingereza. Zilitaja jibini laini ambayo sijawahi kuiona katika duka lolote la Tanga, mtindi usio na mafuta wenye ladha ya vanila, nyama ya bata mzinga, supu ya brokoli, na unga wa protini ambao kopo lake moja lilitaka zaidi ya robo ya mshahara wangu wa ualimu. Ugali haukutajwa hata mara moja. Wala wali, wala uji, wala maharage, wala kisamvu, wala dagaa, wala bada letu la muhogo ambalo watu wa kwetu hulila na samaki tangu wakiwa watoto. Mimi ninakisoma Kiingereza, lakini aliyekuja kuniuguza ni wifi yangu kutoka Pangani, ambaye hakisomi, na yeye ndiye aliyeshika mwiko.

Wifi alifanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye huruma angekifanya. Wiki ya tano aliponiona nimelegea alinipikia uji mzito wa ulezi, akautia maziwa, siagi na sukari ya kutosha, akaniletea kitandani katika kikombe cha bati. Nilikunywa nusu kikombe, mikupuo minne au mitano tu. Haikupita nusu saa moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka hadi khanga ikalowa mgongoni, tumbo likaninyonga, nikalala sakafuni kwa kuwa sakafu ilikuwa na ubaridi. Wifi alikaa pembeni yangu akinipepea kwa ungo huku akisoma dua, akiamini ameniua. Baadaye ndipo nilipojifunza kuwa sukari nyingi ikishuka ghafla kwenye utumbo huvuta maji mengi na kuushtua mwili wote, na kwamba jambo hilo linajulikana vizuri kwa waliofanyiwa upasuaji kama wangu. Lilikuwa limeandikwa hata katika zile karatasi, ukurasa wa pili. Wifi yangu hajanipikia uji tena tangu siku hiyo, na kila ninapomweleza kuwa hakukosa, hunyamaza.

Aliyenitoa gizani ni ofisa lishe wa hospitali ya serikali niliyekwenda kumwona kwa hiari yangu. Dada yule hakunipa karatasi. Alitoa kikombe cha chai, kijiko na sahani ndogo, akaniambia tuanzie na vilivyomo jikoni kwangu. Mwili wangu, alisema, unataka protini isiyopungua gramu 60 kwa siku ili usile misuli yake wenyewe. Yai moja lina gramu sita hivi, glasi ya maziwa nane, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva saba, na kipande cha changu au jodari kinachoenea kiganja bila vidole kina kama ishirini. Dagaa alinifundisha kuwakausha vizuri, kuwatoa vichwa na kuwasaga, nikawa ninatia kijiko kimoja katika supu ya maboga. Kanuni yake ya sahani ilikuwa kula protini kwanza, kisha mboga, na wanga mwisho, ikiwa nafasi imebaki. Ugali na wali mkavu aliniambia nisubiri, kwa sababu hushikana na kukwama. Nilipofika mwezi wa tatu nikaruhusiwa matonge mawili, kila moja dogo kuliko gololi, litafunwe mpaka liwe uji mdomoni. Maji lita moja na nusu kwa siku, mkupuo mdogo mdogo, na yasinywewe pamoja na chakula bali nusu saa baada yake. Ninayaandika haya kwa kirefu, Ndugu Mhariri, kwa sababu hayakuchukua zaidi ya saa moja kuelezwa, na saa hiyo moja ilikuwa na thamani kubwa kwangu kuliko karatasi zote nilizopewa.

Hapo nilikuwa nimeshajua cha kula nyumbani. Kula mbele za watu ni jambo jingine, na kwa desturi zetu ni jambo zito. Kwetu chakula ni heshima. Ukikaribishwa usipokula umemkataa mwenyeji, na ukila kidogo umemwambia kuwa chakula chake hakikukufurahisha. Mwezi wa nne nilihudhuria arubaini ya mjomba. Tulikaa wanawake watano kwenye sinia moja la pilau, na bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu akawa ananisogezea minofu upande wangu, kama wakubwa wanavyofanya kwa mtu wanayempenda. Sikuweza kumkatalia. Nilimeza kipande cha nyama bila kukitafuna sawasawa, kikasimama kifuani. Mate yakajaa mdomoni, siwezi kumeza wala kusema, nikanyanyuka nikakimbilia uani, nikakitapika kipande kile kizima nyuma ya pipa la maji. Niliporudi, sinia lilikuwa limenyamaza, na katika kunyamaza kule nilijua kinachofikiriwa.

Na hili ndilo jambo ambalo makala za ng'ambo hazitawaeleza wasomaji wenu, maana huko halipo kama lilivyo kwetu. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amependeza, ametulia, ndoa imemkubali. Akikonda kwa haraka, watu wa rika langu wana kumbukumbu ya miaka ya tisini, tulipozika vijana waliokuwa wamekonda hivyo hivyo. Nilipopungua kilo 30 katika miezi minane, na nywele zikaanza kukatika kuanzia mwezi wa nne, zikabaki kwenye kitana mafungu mafungu, minong'ono ilienea mpaka chumba cha walimu. Mwanafunzi mmoja aliniandikia nyuma ya daftari la mazoezi: "Mwalimu, Mungu atakuponya." Nililisoma daftari lile nikiwa nimesimama mbele ya darasa. Nywele zilirudi ilipofika mwaka, kama madaktari walivyosema, kwa kuwa kukatika kwake ni mshtuko wa mwili baada ya upasuaji na kupungua haraka, nao hupita. Lakini mwanangu wa darasa la sita alikuwa ameshaulizwa shuleni kama mama yake anatumia dawa. Niliamua kuwaeleza wazi walimu wenzangu. Najua wako wanaoficha upasuaji wao, na sithubutu kuwalaumu, ila kuficha huko kuna gharama: unayemficha hawezi kukukinga na sahani.

Kuhusu mwezi wa Ramadhani niseme kidogo kwa ajili ya Waislamu wenzangu. Ramadhani ya kwanza ilinikuta nikiwa na miezi mitano. Daktari alinikataza kufunga, kwa hesabu rahisi kwamba mtu anayekunywa mkupuo mmoja mmoja hawezi kuziingiza lita moja na nusu za maji pamoja na chakula chake kati ya magharibi na alfajiri, na sheikh wa msikiti wetu akanithibitishia kuwa mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Ya pili niliruhusiwa, kwa sharti la kufungua kwa maji na nusu tende, kisha supu ya samaki, na kaimati nisiziguse. Nazikumbuka kaimati za mama hadi leo, zikitoka kwenye karai na kuchovywa kwenye shira yenye hiliki. Sitazila tena kwa namna ile, na sioni haya kusema kwamba nimewahi kuzilia.

Yapo mambo ya dawa ambayo niliyajua kwa kubahatisha, na ambayo yanaweza kumwua mtu. Aliyefanyiwa upasuaji kama wangu hatakiwi kutumia ovyo dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu huweza kumsababishia kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Lakini ni nani asiyezinunua dukani bila cheti, goti likimuuma? Mimi nilizimeza siku nne kabla ofisa lishe yule yule hajaniona nazo mkononi. Vitamini na madini ni vya maisha yote, hasa vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na damu ipimwe angalau mara moja kila mwaka, kwa maana ini lina akiba ya B12 inayoweza kumdanganya mtu kwa mwaka au zaidi kabla ganzi za miguu hazijaanza. Anayetapika mfululizo kwa siku kadhaa asikae nyumbani akitibiwa kwa tangawizi; akikosa vitamini B1 ubongo huweza kuharibika haraka. Na wanawake walio katika umri wa kuzaa, ambao wengi wao hedhi hurudi sawa na mimba hushika kwa urahisi uzito unapopungua, wanashauriwa wasibebe mimba kwa miezi 12 hadi 18 ya mwanzo, huku wakijua kwamba vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vya kutosha kwa aliyebadilishiwa njia ya utumbo. Ninafundisha wasichana. Wengine wataolewa, watanenepa, watapelekwa kwenye vyumba hivyo vya upasuaji, na napenda waambiwe hili na mtu.

Mwaka wa pili ni mgumu kwa namna nyingine, na huo ndio ambao hakuna anayeupiga picha. Mwaka wa kwanza njaa ilikuwa imekufa kabisa, kwa kuwa homoni ya njaa iitwayo grelini hutolewa zaidi na ile sehemu ya juu ya mfuko ambayo chakula hakipiti tena. Halafu taratibu njaa ikarudi. Pongezi zilikuwa zimekwisha, simu za kutoka hospitali hazikuja tena, na mimi nikaanza kudonoa: karanga kiganjani wakati wa kusahihisha madaftari, biskuti mbili, juisi ya miwa pale kituo cha daladala. Vitu hivyo hupita katika kifuko bila kizuizi. Nilikuwa nimefikia kilo 75, nikarudi hadi 79. Kwa mujibu wa daktari niliyemwona, kurudi kidogo namna hiyo ni jambo la kawaida. Ila ningeambiwa mapema kwamba litakuja, nisingepitisha miezi mitatu nikiona aibu kupanda mizani.

Ninachokiomba si kikubwa. Kila hospitali inayofanya upasuaji huu nchini impe mgonjwa na yule atakayempikia maelekezo kwa Kiswahili, yenye vyakula vinavyouzwa katika masoko yetu, na imkutanishe na ofisa lishe wa wilaya yake kabla hajapasuliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene, kwa hiyo watakaohitaji huduma hii wataongezeka, na wengi hawatakuwa walimu wanaoweza kujisomea. Wanaosimamia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nao wavitazame vitamini na vipimo vya kila mwaka vya wagonjwa hawa kama sehemu ya matibabu yenyewe, sawa na nyuzi za kushonea. Na ndugu anayemwona mtu wake ameinua mkono kwenye sinia baada ya matonge matatu, amwache.

Kwako, Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwamba siku mtakapochapa tena picha mbili za namna ile, mumwulize huyo aliyepungua alikula nini jana, nani alimpikia, na mara ya mwisho alipimwa damu lini. Nimeambatanisha karatasi moja niliyoiandika kwa mkono pamoja na yule ofisa lishe, ambaye ameipitia na kuisahihisha, yenye vipimo vya kikombe cha chai na kijiko kuanzia wiki ya kwanza hadi mwezi wa tatu. Mkiweza kuichapa nitashukuru. Ikikosa nafasi, naomba mniandikie, nitaituma kwa yeyote atakayeiomba. Nakala ya kwanza nilimpelekea wifi yangu Pangani, naye ameibandika ukutani juu ya jiko.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya sekondari,
Tanga.